Koili ya Babu Idwal

Kila Jumamosi Heledd alipanda kilima hadi nyumbani kwa babu yake, akachemsha chai, akakata mkate wa zabibu, kisha akamsomea barua za wiki nzima, maana macho ya mzee yalikuwa yamefifia. Babu Idwal alikuwa amechimba mawe ya kuezekea nyumba hapo Bethesda, mji wa milimani huko Wales, kwa miaka thelathini na minane, na kuvuta sigara kwa miaka hamsini. Kilichobaki cha kujivunia kilikuwa sauti yake nzito. Aliimba katika kwaya ya wanaume, na mwaka huo alikuwa amepewa ubeti wa kuimba peke yake kanisani, siku ya Mtakatifu Daudi, msimamizi wa Wales.

Tatizo lilikuwa kifua. "Mzee, sigara au ubeti. Chagua," muuguzi alimwambia. Akamshauri atumie sigara ya umeme kwa muda, mpaka aachane na tumbaku kabisa.

Heledd na babu wakaenda dukani kwa Gethin, muuza sigara za umeme, ambaye kwenye kwaya alisimama bega kwa bega na babu. Gethin alimwona Heledd akamwinulia kidole. "Wewe ishia hapo hapo kizingitini, binti. Aliye chini ya miaka kumi na minane haingii humu." Heledd alikuwa na miaka kumi na miwili. Basi akasimama mlangoni, mvua ikimnyeshea, akatega sikio.

Gethin alipanga vifaa vitatu kaunta. "Hiki ni pauni kumi na mbili tu, lakini nguvu yake hairekebishiki, na betri haimalizi miezi miwili. Rahisi ghali, Mzee Idwal. Hiki kikubwa ni pauni sitini na tano, kina wati mia mbili."

"Mia mbili! Nataka kuvuta au kuchemsha supu?"

"Ndiyo maana sikuuzii hicho. Chukua hiki cha kati, pauni ishirini na nane. Nguvu unapandisha na kushusha mwenyewe." Akafungua kifaa, akamwonyesha koili, kiwaya kidogo kilichozungushiwa pamba. "Hii imeandikwa ubavuni, wati kumi na mbili hadi kumi na nane. Ukizidisha, pamba inaungua, na hapo utadhani unavuta matambara."

"Mjukuu wangu, umesikia?" babu aliita. "Mimi hizo tarakimu sizioni. Kazi hiyo ni yako."

"Nimesikia, babu!"

Heledd akaweka wati kumi na tano. Siku ishirini na tatu babu hakugusa sigara hata moja. Kikohozi cha asubuhi kikapungua, na akaanza kuimba tena huku akiosha vyombo, mpaka jirani akagonga ukuta. Gethin alipokutana naye mazoezini alimtania, "Polepole, mzee, utavunja vioo vya kanisa!"

Jumamosi ya nne Heledd alikuja na rafiki yake Mared. Babu alikuwa amelala kitini baada ya chakula, kifaa kikiwa mezani.

"Kipandishe bwana," Mared alinong'ona. "Akiamka atatoa wingu kama garimoshi. Tumrekodi, darasa zima litacheka."

"Gethin alisema kisizidi kumi na nane."

"Aa, mwoga wewe!"

Neno hilo lilimchoma Heledd. Akabonyeza kitufe mpaka arobaini. Babu aliamka, akavuta, na badala ya wingu kikamtoka kikohozi kikali, machozi yakimchuruzika. Mared alicheka. Heledd hakucheka. Upesi akarudisha kumi na tano, lakini pamba ilikwisha kuungua, na kila babu alipovuta alionja ladha ileile ya kuungua.

"Kimekuwaje hiki?" babu aliuliza.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alitazama zulia akajibu, "Sijui, babu. Labda hakina ubora."

Babu Idwal hakuwa mtu wa kuvumilia kudhulumiwa. Jumatatu aliingia dukani, akakibwaga kifaa kaunta, akamwita Gethin tapeli mbele ya watu. Gethin alijaribu kueleza habari ya koili, wapi! Mzee alikwisha toka. Njiani akanunua pakiti ya sigara.

Siku ya Mtakatifu Daudi babu alikaa kwenye viti vya wasikilizaji, akikohoa ndani ya leso. Ubeti wake uliimbwa na mtu mwingine. Gethin alisimama jukwaani na nafasi tupu ubavuni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuijaza. Heledd aliitazama nafasi ile mpaka macho yakamwuma. Majuto ni mjukuu. Nyimbo zilipokwisha, kabla hawajafika mlangoni, akamshika babu mkono, akamweleza yote huku akilia.

"Haitoshi kuniambia mimi peke yangu," babu alisema. "Twende kesho kwa Gethin."

Kesho yake walikuta foleni. Sheria ni sheria, Heledd hakuweza kuingia, hivyo ilimbidi akiri pale kizingitini, kwa sauti ya kufika kaunta, watu wote wakigeuka.

"Bwana Gethin! Kifaa chako hakikuwa kibovu! Ni mimi niliyekiunguza, halafu nikasema uongo! Nisamehe!"

Babu alivua kofia. "Na mimi nisamehe, ndugu yangu. Nilikutukana bure."

Gethin aliwatazama wote wawili, akatoa kifaa chini ya kaunta alikokuwa amekihifadhi, akakitia koili mpya. "Pauni mbili na nusu," alisema. "Nilitaka kukuambia siku ile." Kisha akamgeukia Heledd. "Na wewe, binti, hiki ni cha kumtoa mtu shimoni. Wewe hujaingia shimoni, usiguse hata kwa mzaha."

Walipokuwa wakirudi, Heledd aliuliza, "Babu, ubeti wako utaimba lini?"

"Mwakani, Mungu akinijalia pumzi."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima." Babu alimshika bega. "Ungesema kweli siku ileile, mjukuu wangu, kosa lako lingetugharimu pauni mbili na nusu. Ulipolificha, bei ikawa inapanda kila siku, na aliyeilipa ni mimi. Ukikosa, sema mapema."

Heledd alitikisa kichwa kukubali. Babu alijaribu kuimba mstari wa kwanza wa ubeti wake, akaishia katikati akikohoa, nao wakasimama kandokando ya njia mpaka pumzi yake iliporudi.