Mwanamume wa Chaki

Enzi za Mwingereza, Zahoro alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, sokoni Bukoba. Jumamosi moja, watu wamejaa mpaka huoni pa kuweka mguu, msichana mwenye kanga ya manjano aliinama chini ya meza yake akaokota kipande cha chaki.

"Dada, unaniibia?"

"Umekitupa, kaka. Mwizi ni anayetupa kinachofaa."

Zahoro akacheka, akajikuta ameshona mfuko wa suruali ndani nje.

Msichana aliitwa Maulida, mtu wa Nshamba, anakaa Hamugembe kwa shangazi yake. Tangu hapo Zahoro akawa anamwekea vipande vya chaki na makaratasi ya kaki yanayofungiwa majora ya vitambaa. Jioni alimsindikiza, na neno la ndoa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Siku moja alimfuata kwa shangazi, akaambiwa yuko kisimani. Makaratasi yalikuwa mkekani, yamechorwa kwa chaki. Akafunua. Mwanamume. Akafunua jingine, yuleyule: kofia ya helmeti, soksi hadi magotini, fimbo mkononi. Yote, yeye tu.

Chaki yake, karatasi yake, mwanamume mwingine. Kifua kikawaka.

Wiki mbili hakumsemesha. Maulida akipita, Zahoro anakanyaga cherehani kama anaua nyoka. Mwishowe msichana akaja kusimama mbele ya meza.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Kamuulize bwana wako wa soksi."

"Kumbe umenipekua."

"Ana miguu mizuri, eti?"

Maulida akaketi ukingoni mwa baraza.

"Yule ndiye bwana shamba wa Kizungu aliyekuja kukagua kibanja chetu cha migomba. Anagusa mgomba kwa fimbo: ung'oeni huu, na huu, una fukusi, wadudu wa mgomba. Migomba ya babu, waitu, jamani. Baba amevua kofia, anaitika ndiyo bwana, ndiyo bwana. Mpaka leo hasemi na mtu."

Wakubwa ndivyo walivyo. Amri yao, njaa yako. Na hawa wa sasa sijaona walichobadilisha.

"Sasa unamchora wa nini?"

"Asipokaa kwenye karatasi, anakaa hapa." Akagusa koo lake. "Nikishamchora, napata usingizi."

"Na mimi? Hata sikio langu hujachora."

"Wewe nakuambia yangu yote, Zahoro. Namchora nisiyeweza kumwambia."

Zahoro akaweka mkasi chini. Wivu ulikuwa bado unamuuma, lakini umegeuka kuwa hasira juu ya mwenye fimbo.

"Nitatuma mshenga Nshamba. Ila nina sharti."

"Lipi?"

"Siku nikikukosea, nitukane mbele ya watu. Usinichore."