Tarehe Kumi na Tisa Haikupimwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1951, garimoshi la Mwanza liliingia stesheni ya Tabora, na furushi la mahema likaanguka miguuni pa Bertila.

Bertila, mwalimu wa shule ya misheni huko Kwihara, alikumbatia kifurushi chake. Kola nyeupe ya gauni lake la buluu iliingia vumbi.

"Samahani, dada. Hujavunjika?"

"Mimi sivunjiki. Kinachovunjika ni hiki kioo cha kupimia mvua."

"Mvua gani, na jua hili?"

"Ile isiyokuuliza wewe inyeshe lini."

Kijana akacheka. Aliitwa Damas: kaptula ya kaki iliyonyooshwa pasi, soksi hadi magotini. Alikuwa mnyapara wa safari za porini, akiandaa safari ya Wazungu wawili wenye kamera kwenda Mto Ugalla. Tatizo lake lilikuwa tarehe. Mwisho wa kiangazi wanyama hujazana kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Mvua ikishika, hutawanyika, na malori hukwama kwenye udongo mweusi wa mbugani.

"Nina daftari la mvua la miaka saba," Bertila alisema, kisha akashangaa kwa nini amesema.

Tangu hapo kila Jumamosi Damas alipanda baiskeli hadi Kwihara. Walianza na daftari, wakamalizia na mengine. Kufikia mwanzo wa Novemba alikuwa akimwita "Mama Mvua wangu", na ahadi ilikuwa imetoka: mshenga angekuja Jumamosi tarehe 17.

Wiki hiyohiyo Bertila alimaliza hesabu. Mvua kubwa ya kwanza ilielekea kushuka kati ya tarehe 19 na 23.

"Basi tunaondoka Ijumaa tarehe 16," Damas alisema.

"Na mshenga?"

"Mshenga ni Mjomba Lugembe, na ndiye mpishi wa safari, mpenzi. Atakuja tukirudi. Wanyama hawangoji."

"Mimi nangoja, siyo? Leo nimejua ulikuwa ukimchumbia nani. Daftari."

Hakwenda kumuaga. Tarehe 17 Damas alipiga simu ya misheni kutoka Urambo.

"Mwambieni kwamba mwalimu yuko darasani," Bertila alisema. Shule haikufunguliwa Jumamosi.

Ijumaa tarehe 30, lori lililopakwa tope hadi madirishani lilisimama mbele ya shule. Damas alishuka, ndevu hazijanyolewa, akampa karatasi bila salamu. Alikuwa ametega mkebe wa maziwa kambini, akapima kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, kama afanyavyo Bertila. Bertila alisoma hadi kidole kikasimama.

"Tarehe kumi na tisa?"

"Sikupima."

"Siku haiachwi wazi, Damas."

"Najua. Ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu nikashika mkebe, nyati wakaanza kuvuka mto. Nilihesabu mpaka mia nne na kumi, nikaacha. Nyuma yao palahala, wale swala wakubwa, weusi kwa maji, pembe zimelala migongoni. Ardhi ilitetemeka, mkebe ukaniponyoka. Mjomba akavua kofia. Wazungu hawakugusa kamera. Nikawaza, ungekuwepo wewe ungehesabu mpaka mwisho."

Bertila alitazama kioo chake uwanjani. Kwa miaka saba alikuwa ameandika inchi za maji, asijue inchi moja ikifika chini inaamsha nini.

"Nisingehesabu," alisema polepole.

Damas akajifuta tope usoni.

"Mjomba yuko wapi?" Bertila aliuliza.

"Ndani ya lori. Anakuchungulia."

"Mwambie akaoge. Kesho ni Jumamosi."

Jioni alinakili vipimo vya Ugalla kwenye ukurasa mpya. Kwenye tarehe 19 aliandika: haikupimwa.

Tarehe 1 Desemba, saa tatu asubuhi, kioo cha Kwihara kilionyesha nusu inchi. Saa nne Mzee Lugembe alipiga hodi nyumbani, jembe jipya la posa begani, na baba yake Bertila akampa kiti.