KOPO LA OILI CHINI YA KITANDA CHANGU

"Sema! Mchanga umeutia lini?!"

Mume wangu alikuwa amemkaba koo mdogo wangu Cyril. Kambana kwenye bodi la Landrova yetu, spana ya tairi kainyanyua juu...

Mdogo wangu wa damu, jamani! Ziwa moja tumenyonya!

Na mie nimesimama katikati ya barabara, mikono kichwani, maji ya mapipa yaliyopinduka yananipita miguuni.

"Shemeji, naapa kwa kaburi la mama! Sijatia kitu!"

"Utasema leo!"

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, shikamoo hamjanipa, lakini marahaba! Sogeeni. Kabla sijaendelea nawatega.

Kitendawili!

(Najua mmeitikia tega.)

Bibi harusi kashuka na shela lake, kumfunua... AJUZA!

Mkishindwa msinipe mji, miji yenu siijui. Jibu nitawapa mwishoni.

Basi. Zilikuwa enzi za ruksa. Soko huria limeingia, kila mwenye mlango wa mbele kafungua duka. Mume wangu Selestini, Baba Yuster, naye akafungua la vipuri na oili Masasi mjini. Sisi kwetu ni Makote, juu huku Newala, ambako maji yako bondeni na kiu iko mlimani.

Korosho za shamba aliloniachia mama ndizo zilizotununulia ile Landrova kuukuu. Ikawa inapandisha maji, inashusha korosho, inakimbiza wagonjwa. Dereva ni Cyril.

Siku hiyo tuko mbele watatu, nyuma mapipa ya maji. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga... ko! ko! ko!... ikanoki, ikazima kabisa.

Gari likaanza kurudi nyuma!

Kushoto korongo. Mie nimeshaanza kusali sala ya mwisho. Cyril akakata usukani, tukajibamiza kwenye ukuta wa mlima. Tukapona.

Na shukrani aliyoipata ndiyo ile spana.

Mnajiuliza, kwa nini amtuhumu kutia mchanga kwenye oili? Sikilizeni.

Kwetu sisi mtoto ni wa mjomba. Mwaka ule mwanangu Charles alikuwa anaingia jandoni, na Cyril alimwomba shemeji yake gari la kuwapeleka watoto.

Mume wangu akamjibu mbovu:

"Shamba lenu, watoto wenu, sasa mnataka na gari langu?"

"Haya shemeji, tutaona."

Hilo "tutaona" ndilo lililomponza.

Fundi Nurdin akaja kufungua injini pale uani. Beringi zimelika zimebaki nyembamba kama ganda la yai! Akachovya kidole kwenye oili, akasugua.

"Inakwaruza. Kuna chembechembe humu."

"Mchanga!" Baba Yuster karuka. "Si nilisema!"

"Mie nimesema chembechembe, Baba Yuster. Mchanga umesema wewe."

Weee! Nyumba ikawaka moto. Mume wangu akapiga marufuku: Cyril asikanyage uani kwake, nisimpe hata maji ya kunywa. Kijiji kizima kikamwita mtia mchanga. Watoto wakimwona barabarani wanaigiza injini inayogonga, ko, ko, ko, halafu wanakimbia.

Na mie? Mume huku, ndugu kule. Nikinyamaza namzika ndugu, nikisema naivunja nyumba. Nilikuwa kama kuku aliyefungwa miguu, mlango uko wazi, aende wapi?

Hapo akatokea Isabela, binti wa mwalimu wa Lulindi, yuko likizo. Kazi yake Dar es Salaam, kwenye maabara wanakopima oili za mitambo mikubwa.

"Mama Yuster, msiuane. Oili inasema yenyewe. Kila chuma kinacholika kinaacha unga wake humo. Tukiipima tunajua kimelika nini, na kimelishwa nini."

"Hata kama ni mchanga?" mume wangu kauliza.

"Hasa mchanga. Nipeni kidogo ya kwenye injini. Na nipeni kopo jipya la aina ileile, lisilofunguliwa, tulinganishe."

Baba Yuster akacheka, kifua mbele.

"Mpe hata mawili! Mama Yuster, kamletee kopo chini ya kitanda. Nataka ukoo wenu wote uje usikie!"

Nikaenda. Makopo ya duka aliyoleta ya gari letu yalikaa hapo. Nikatoa moja, linang'aa, lakiri haijaguswa. Nikalifuta vumbi kwa upindo wa kanga yangu, nikampa Isabela kwa mikono miwili.

Kwa mikono yangu miwili, wajukuu...

Majibu yakakawia. Siku moja mchana, mume wangu yuko dukani, nasikia mlango wa nyuma, ko ko. Cyril! Kakonda, macho yamezama.

"Dada, nilikwenda Masasi kumwangukia shemeji miguuni."

"Akakusikiliza?"

"Hakuniona. Nilipitia nyuma ya duka... nikarudi."

Nikamkatia muhogo wa kuchoma. Hakula, kaushika tu mkononi.

"Dada, ile kanga yako ya zambarau iko wapi?"

"Eti kanga! Mtu unakufa na njaa unauliza kanga? Baba Yuster kaichukua, na ile ya pili. Kufutia vioo vya duka. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Akaugeuzageuza ule muhogo. Halafu:

"Dada, ningekuwa na neno la kuivunja nyumba yako, ungetaka kulisikia?"

"Cyril! Nyumba imeshapasuka, na wewe usitie kabari! Nakuamini hujafanya. Lakini nifanyeje mie?"

Akanitazama sana.

"Usifanye kitu, dada."

Akaniwekea ule muhogo kiganjani, akatoka. Kesho yake nikasikia kavuka Ruvuma, kaingia Msumbiji. Na kijiji kikasema: mnaona? Mwenye hatia kakimbia!

Isabela akarudi. Uani kumejaa: wajomba, mzee wa kanisa, fundi Nurdin, majirani. Mume wangu kavaa koti la Krismasi!

Isabela akasimama.

"Oili ya kwenye injini imekutwa na unga wa chuma, unga wa shaba, na vumbi la mchanga."

"MCHANGA!" Baba Yuster kapiga kofi pajani. "Mmesikia kwa masikio yenu?"

Mie nikaona giza.

"Ngoja Baba, sijamaliza. Tumepima na lile kopo lililofungwa."

"Hilo jipya."

"Lakiri ndiyo mpya. Ndani tumekuta chuma, shaba, masizi, na vumbi lilelile la mchanga. Hiyo ni oili iliyokwisha kazi kwenye magari mengine, ikafungwa upya. Mchanga uliingia kwenye Landrova kwa kupitia kopo. Hakuna aliyeutia."

Unasikia hadi kuku wanaparura.

Mzee wa kanisa akauliza polepole:

"Selestini, makopo haya unanunua wapi?"

Mume wangu kavua lile koti la Krismasi. Jasho.

Mie akili ikaenda nyuma ya duka. Pipa la oili chafu, ile ambayo kila mtu huku anapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Alikuwa anaizoa gereji zote za Masasi. Nguzo gani hizo zisizoisha?

"Niliichemsha," akasema. Sauti ndogo kama ya mtoto. "Nikaichuja kwa kanga, mara nne, mpaka ikatakata. Maji machafu ya bondeni si tunachemsha, tunachuja kwa kitambaa, tunakunywa? Mbona hatufi? Nilijua imekuwa mpya! Ningejua ni mbovu ningetia kwenye gari langu mwenyewe?"

Wajukuu, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema kweli! Aliwauzia watu ajuza kwa jina la bibi harusi, lakini mwenyewe aliamini kamrudishia ubikira.

Nurdin akainuka. "Kumbe! Mashine ya kusaga ya jirani Fakihi..."

"Na pikipiki yangu," mzee wa kanisa akasema.

Mmoja baada ya mmoja wakawa wanakumbuka injini zao zilizokufa.

Mie nilikuwa sisikii tena. Nilisikia neno moja tu... kanga.

*Dada, ile kanga yako ya zambarau iko wapi?*

ALIJUA! Cyril alijua! Siku ile nyuma ya duka aliliona pipa, aliona moto, aliona kanga zangu zimelowa oili. Neno moja tu lingemsafisha. Akaja kuniuliza kama nataka kulisikia, nikamwambia asinitie kabari.

Angelisema, wanangu wangeitwa watoto wa tapeli. Na mjomba ndiye mwenye watoto. Akachagua aitwe yeye mtia mchanga.

Nikapiga yowe, wapita njia wakadhani kuna msiba. Na ulikuwepo.

Tukatuma watu ng'ambo ya mto. Mmoja akasema kamwona Mueda, anaendesha lori. Mwingine akasema siye. Ndiyo hivyo mpaka leo.

Charles akatoka jandoni na nguo mpya, ngoma zinalia, kigoda cha mjomba kitupu. Baba Yuster akakitazama kile kigoda, akaondoka kabla ya chakula. Duka alishalifunga. Landrova ipo uani, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Na yeye yupo, mzee sasa, kila anayetoka Msumbiji anamuuliza: "Shemeji yangu hujamsikia?"

Jibu la kitendawili mmeshalipata: kopo la oili.

Funzo nawaachia moja. Mtu aliyekuwa anaapa kwa nguvu hana kosa, ukamwona ghafla kanyamaza, usikimbilie kusema kakiri. Muulize anamfichia nani.

Na wewe Cyril, kama huko uliko simu zimefika na unasoma haya... nyumba uliyoogopa kuivunja bado imesimama. Mlango wa nyuma siufungi.