Bibi Mmoja, Maradhi Matatu

Jumamosi ile Sindano aliamka kama kawaida yake. Alichota maji bombani, akafagia uwanja wa nyumba yao ya kupanga, mlango kwa mlango, mpaka kwa muuza mkaa, ambaye uchafu wake haukuwa na mwisho. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wembamba wake ndio uliompa jina. Alipoingia ndani alikuta somo linamsubiri, na mwalimu alikuwa dada yake.

"Haya, rudia," dada akasema huku akipiga pasi blauzi. "Mwaka ule nilikuwa wapi?"

"Kwa bibi."

"Nikifanya nini?"

"Ukimuuguza."

"Basi. Usiongeze chumvi."

Dada alikuwa ameomba kazi ya kupekua mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege. Kazi ile huipati bila kibali cha usalama, na kibali hakitoki mpaka mpelelezi aje nyumbani, amhoji kila mtu peke yake: mzazi, jirani, hata mtoto. Mwaka ule dada hakuwa kwa bibi. Alikuwa jela.

"Na Kicheko?" Sindano akauliza. "Naye alikuwa kwa bibi?"

Pasi ikasimama. Kicheko alikuwa shoga yake dada. Walishona mashati pamoja kiwandani, na kiwandani humo Kicheko alikufa.

"Ukiulizwa habari za Kicheko, humjui."

Mama, aliyekuwa akichagua mchele, aliinua kichwa. "Hamjui? Aliyekuwa akimbeba mgongoni?"

"Mama, ukweli unaliwa? Kila nilipoutaja nimefukuzwa mlangoni kama mbwa."

Mama akarudi kwenye mchele wake.

Mpelelezi alifika jua likiwa kali. Alikuwa mzee mwenye upara na viatu vyenye vumbi, akapewa kiti cha plastiki uani. Dada alikuwa amewapanga majirani wote, nao wakakubali kwa moyo mweupe, maana waliyajua yaliyompata. Lakini alisahau jambo moja: kuchagua ugonjwa.

Muuza mkaa alipoulizwa, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Miguu, bwana! Ilipooza yote miwili. Binti alikuwa akimbeba mpaka chooni."

Fundi cherehani wa chumba cha pili akaapa kwamba ni macho. "Alikuwa haoni hata kijiko. Mimi mwenyewe nilimpelekea miwani."

Mama alisema neno moja tu: "Muulize mwenyewe."

Zamu ya Sindano ikafika.

"Hujambo, mjukuu wangu? Bibi alikuwa anaumwa nini?"

Mlangoni aliuona upindo wa sketi ya dada. "Presha," akasema.

Mzee akacheka, cheko lisilo na furaha. "Masikini bibi yule. Mwili mmoja, maradhi matatu. Alipona?"

Sindano alitaka kusema ndiyo. Badala yake aliuona uso wa Kicheko, ambaye yeye Sindano alimpenda kuliko mtu yeyote aliyekuja uwanjani pale, na ambaye asubuhi ile alikuwa ameambiwa aseme hamjui. Machozi yakamtoka.

"Bibi alikufa kabla sijazaliwa," akasema. "Dada alikuwa jela. Kiwanda kiliungua."

Dada akatoka mbio. "Umenimaliza! Mtoto wa mama yangu, umenimaliza!"

"Keti, binti," mzee akasema. "Sasa sema wewe."

Dada aliketi chini, kwenye vumbi, na blauzi yake iliyonyooshwa. Akasimulia. Tajiri wa kiwanda aliwashuku mafundi kuwa wanaiba vitambaa, kwa hiyo kila zamu ilipoanza mlango ulifungwa kwa kufuli, kwa nje. Moto ulipozuka, mwenye ufunguo alikuwa ameenda kunywa chai. Dada alipenya dirisha la choo. Kicheko alikuwa mnene, hakupita. Baada ya mazishi mafundi walikwenda ofisini kwa tajiri kudai majibu, wakajibiwa kwa virungu. Dada akaokota jiwe, akavunja kioo cha ofisi. Kwa kioo kile alifungwa. Kwa kufuli lile hakufungwa mtu.

"Habari za jiwe ninazo," mzee akasema. "Mahakama haisahau maskini. Sikutumwa kuuliza kama ulifungwa. Nimetumwa kuona kama utasema. Unajua kwa nini? Mwenye siri ana kamba shingoni. Siku moja mtu ataishika ile kamba, akwambie: pitisha mzigo huu bila kuupekua, la sivyo nitasema ulikotoka. Utafanyaje?"

Dada akajishika shingo, na mzee akainuka kitini.

"Nitaandika kwamba ulidanganya. Nitaandika pia kwamba ulisema. Watapima wenyewe."

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Dada hakumsemesha Sindano hata kumwomba chumvi. Aliitwa kuhojiwa tena, safari hii mbele ya wakubwa, akarudia yote, na la bibi pia. Hatimaye jibu likaja: kibali kimetoka, ila mwaka wa kwanza atafanya kazi chini ya uangalizi, kwa sababu ya ule uongo. Si kwa sababu ya jiwe.

Hapakupigwa kigelegele. Mama aliwaketisha mabinti wake wawili kitandani.

"Sikilizeni. Kuvunja kioo lilikuwa kosa, na umelilipa. Lakini aliyefunga ule mlango hajaulizwa na mtu mpaka leo. Analala usingizi kwa sababu anajua walionusurika wataona aibu, watanyamaza. Ukisema ulikuwa kwa bibi, unamsaidia kusema hapakuwa na moto. Muungwana husema lililokuwa, zuri lake na baya lake. Nawe Sindano, usidhani ukweli ni rahisi. Umeuona unavyouma. Useme hivyo hivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, dada akamgeukia mdogo wake.

"Vaa viatu," akasema. "Twende kwa mama yake Kicheko. Tangu nitoke jela sijathubutu kumwangalia usoni."