Mshauri na Redio ya Saa Saba

Pikipiki ya TVS ya Dieudonnée iliruka mashimo ya barabara ya Kabambare, vumbi jekundu likimfukuza.

Mbele yake, Land Cruiser nyeusi iliingia katika uwanja wa ndege wa Kasongo.

Dieudonnée, jasusi wa idara ya usalama, alizima pikipiki nyuma ya kichaka. Thuraya, simu yake ya setilaiti, ilitetemeka.

"Unamwona mshauri?" Sauti ya mkuu wake, kutoka Kinshasa.

"Ndiyo. Dhahabu ya migodi ya Salamabila inapakiwa kwenye ndege, Cessna. Nimkamate?"

"Hapana! Angali mshauri wa Rais. Ukimgusa, walinzi wake watakuua na sheria itawapongeza. Amri ya kumwondoa imesainiwa. Itasomwa redioni saa saba. Mzuie asiruke kabla ya hapo!"

Rafadha ya ndege ilianza kuzunguka.

Kama dhahabu ile ingeondoka, ingegeuzwa bunduki za waasi, na bunduki hizo zingeanzia kijiji cha mama yake, Kabambare.

Alificha bastola yake ya Makarov mgongoni. Akatembea waziwazi hadi kwenye ndege.

Clovis Amuri, mshauri ambaye hakuna raia aliyempigia kura, alimtazama kama takataka.

"We mwanamuke, unatafuta nini hapa?"

"Jambo, Ekselansi. Niko mutu wa protokoli. Ordonansi, zile amri za Rais, zinasomwa leo, saa saba. Huko juu, na kelele ya injini, utazisikia namna gani?"

Macho ya Clovis yaling'aa. Mwaka mzima alikuwa akiuota uwaziri, na katika nchi hii cheo huzaliwa na kufia redioni.

"Zima injini!" alimfokea rubani. "Sumaili, leta redio! Sauti juu! Kila mutu asikie jina langu!"

Sumaili, mkubwa wa walinzi, aliiweka redio juu ya boneti ya Land Cruiser.

Saa saba ilipogonga, jina likasomwa.

"...Clovis Amuri ameondolewa katika wadhifa wa mshauri maalumu wa Rais wa Jamhuri..."

Clovis aliipiga redio kofi.

"Uongo! Sumaili, piga huyu mwanamuke risasi!"

Sumaili alishusha mtutu. "Kwa amri ya nani, papa? Redio imekwisha sema."

Mkono wa Clovis ulichupa kiunoni. Makarov ya Dieudonnée ilimtangulia, ikamgusa paji la uso.

"Nguo ya kuazima haifuniki matako, papa. Geuka."

Pingu zikalia.

Gari la idara lilipokuja kumbeba Clovis na masanduku yake ya dhahabu, Sumaili alikuna kichwa. "Mama, sasa sisi tunamulinda nani?"

"Raia. Ama kazi hiyo ni ngumu?"

Hakungoja jibu. Aliwasha TVS, akashika barabara ya Kabambare, kwa mama yake.