Uzi kwenye Mizizi ya Msonobari

Harufu ilianza siku ya kufua. Zdravka alianua shuka zilizokuwa zimekauka karibu na msonobari, akazinusa, akazirudisha kwenye beseni. Zilinuka kama pipa la kabichi lililosahauliwa tangu majira ya baridi. Akautazama mti. Upande wa ukutani majani yake membamba yalikuwa yamegeuka kahawia, na utomvu uliochuruzika shinani ulikuwa mzito na mweupe kama usaha.

Mti huo aliupanda marehemu mumewe, Tsanko, mwaka waliooana. Zdravka hakutaka ufe. Akamwita shemeji yake, Rangel, aliyekuwa bwana misitu hadi alipostaafu.

Rangel alikwangua gome kwa kisu. Chini yake palipaswa kuwa kijani kibichi. Palikuwa na kitu cha kijivu, laini kama ufizi, nacho kikanywea kilipoguswa. Akakifuta kisu haraka kwenye suruali, akasema ni maji tu, mizizi imezama. Wafukue shina lipate hewa, waikate mizizi iliyooza, waweke kokoto.

Wakachimba mchana kutwa. Kadiri walivyoshuka ndivyo udongo ulivyozidi joto, joto la kinywa cha mtu, na uvundo ukawapanda puani ukateremka kooni, mpaka Zdravka akatapika kando ya ukuta, na alipoinua uso akasikia shimo linapumua, taratibu, kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi, na kati ya mizizi akaona uzi mwekundu wa sufu umejiviringa, umelowa, umeota nywele.

Rangel akaketi chini.

"Huo ni wa Mincho," akasema kwa sauti ya chini.

"Mincho gani?"

"Kibarua wetu, kabla hujaolewa hapa. Ukuta huu kila tulipoujenga ulibomoka. Tsanko akapima kivuli cha Mincho kwa uzi, tukaufukia hapa msingini ili ukuta usimame. Siku ya arobaini Mincho akafa. Ndipo Tsanko akapanda mti juu ya uzi."

"Alijua mnampima?"

"Alikuwa amelewa, shemeji. Tulicheka."

Bibi Pena, mganga wa kijiji, alipoletwa hakuukaribia mti. Alisema aliyezikiwa kivuli hugeuka talasamu, pepo lililofungwa mahali pamoja, likafyonza chochote kinachoota juu yake. Haliondoki mpaka liitwe kwa jina kamili. Akamuuliza Rangel jina hilo. Rangel alijua Mincho tu, na hata hilo hawakulitumia sana. Walizoea kumwita Mlevi.

Zdravka akaenda kwa padri, kisha kwa mchimba makaburi, akarudi na jina hilo jua likingali juu. Akashuka shimoni mwenyewe, akaushika uzi kwa mkono mtupu huku nywele zile zikimtambaa vidoleni, akaita: "Mincho Stoyanov Dragnev." Mara tatu. Akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba ile. Shimo likashusha pumzi moja ndefu, na uvundo ukakatika. Uzi wakauzika kwenye kaburi lake.

Mwezi wa Mei msonobari ukatoa machipukizi. Rangel akaja kuutazama, akasifu jinsi kokoto zake zilivyofanya kazi, akaomba kahawa. Zdravka akampa, akasimama akimwangalia anavyokunywa, wala hakuketi naye.

Alipoondoka, Zdravka hakukiosha kikombe. Alikishika kwa kitambaa, akakitupa jaani. Kisha akarudi ndani kuichukua picha ya Tsanko.