Nani Aliwaua Bata Wetu

Nyumbani kwetu Miyuji, saa moja jioni ilikuwa na heshima yake. Saa moja ndipo tamthilia ilipoanza. Mgeni angeweza kupiga hodi, mdogo wangu Msafiri angeweza kulia, baba angeweza kuuliza soksi zake ziko wapi. Wote walisubiri.

Tamthilia ilihusu nyumba mbili za Area D zenye mageti yanayofanana. Katika nyumba ya kwanza aliishi mke mwema. Katika nyumba ya pili aliishi jirani mwenye kucha ndefu na maneno matamu. Jirani alimtaka mume wa mke mwema. Kwa hiyo kila siku alimpelekea mke huyo supu, na ndani ya supu alitia sumu kidogo kidogo.

Mama yangu, Mwajabu, aliitazama kwa makini kuliko mimi ninavyosoma Fizikia. Naye alikuwa na jirani.

Jirani yetu aliitwa Klara, lakini mtaani tulimwita Mama Noeli. Mumewe, Apolinari, alikuwa fundi wa pikipiki. Mama na Mama Noeli walishindana kwa adabu kubwa. Mama akinunua pazia la zambarau, wiki inayofuata Mama Noeli anatundika la zambarau lenye maua. Mama Noeli akifuga bata, mama naye anafuga bata. Wakikutana bombani waliulizana habari za watoto, za kazi, mpaka za mbuzi. Hakuna kati yao aliyekuwa na mbuzi.

Mwezi huo wa sita nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Bibi, mzaa mama, alikuwa ametutumia gunia la karanga kutoka Kolo, kama kila mwaka. Karanga hizo ziliingia kwenye kila kitu. Ziliingia kwenye mlenda, kwenye mchicha, na kwenye uji wa Msafiri, aliyekuwa na miaka miwili na nusu.

Siku ya tatu ya likizo niliona jambo. Baba hakuwa anakula.

"Nimeshiba," alisema, akisogeza bakuli la mboga.

"Umeshiba wapi?" mama aliuliza.

"Kazini."

"Kazini siku hizi kuna nini?"

"Kuna kazi, Mama Munira."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama dari kwa unyenyekevu.

Kesho yake bata wetu mmoja alikufa. Ijumaa walikufa wawili. Kufika Jumapili, wote watano walikuwa wamekufa. Ng'ambo ya ua wa michongoma, bata wa Mama Noeli walikuwa wazima. Walitembea polepole, vifua mbele, kama waheshimiwa wanaokwenda kikaoni.

"Wangu wamekufa, wake wazima," mama alisema. "Na mume wangu hali chakula changu. Munira, wewe umesoma. Jumlisha."

Nilijumlisha. Shuleni nilikuwa nimeandikwa jina ubaoni mara tatu kwa kufanya uchunguzi ambao hakuna aliyeniomba. Nilijua njia. Kwenye ua wetu kulikuwa na upenyo mdogo wa kwenda kwa Mama Noeli. Jioni ile, kabla baba hajarudi, nilinyunyiza pale unga wa kikombe kimoja. Nia yangu ilikuwa kucheka kidogo.

Tamthilia ilipokwisha, baba alikuwa amesharudi na anaoga. Mama na mimi tulitoka na tochi. Juu ya unga kulikuwa na alama za kandambili. Ya kulia ilikuwa na waya pale ilipokatika. Ni baba mwenyewe aliyeifunga waya ule. Alama zilikwenda kwa Mama Noeli, halafu zikarudi.

Mama alizima tochi. Aliingia ndani, akachukua begi, akaanza kukunja nguo za Msafiri.

"Kesho nakwenda Kolo kwa mama," alisema. "Msafiri nakwenda naye. Wewe utabaki na baba yako mpaka shule zifunguliwe."

Juu ya nguo aliweka ndoo ndogo ya karanga zilizobanguliwa.

"Za nini, mama?"

"Uji wa mtoto. Hata nikiachika, uji wake asikose."

Sikupata hamu ya kucheka. Nilikuwa nimebomoa nyumba kwa kikombe kimoja cha unga.

Asubuhi baba alikwenda kazini bila kujua lolote. Mimi nilipita kwenye upenyo. Mama Noeli alikuwa anafagia.

"Shikamoo, Mama Noeli."

"Marahaba. Unga ule ni wako?"

"Ni wangu."

"Nilijua tu. Sisimizi wamepanga foleni mpaka jikoni kwangu."

"Samahani. Mama Noeli, baba anakuja kufanya nini hapa?"

Aliacha kufagia. "Kula. Anakula na Baba Noeli, pale kwenye benchi. Nilimuuliza, wewe una mke anayepika, unatafuta nini kwenye ugali wangu? Akanyamaza siku mbili. Ya tatu ndiyo akasema karanga za kwenu ni chungu."

"Kwa nini hakusema nyumbani?"

"Zimetoka kwa mama mkwe wake. Anasema kwao mtu hali cha mkwewe halafu akakunja uso. Nikamwambia, basi mwambie mkeo. Akasema mkeo ni mtoto wa mkweo, ni yale yale."

"Na bata wetu?"

"Bata wamefanyaje?"

"Wamekufa wote."

Mama Noeli aliweka ufagio chini. "Walikula nini?"

"Karanga mbovu. Mama akichambua, zenye ukungu anawatupia."

Hapo uso wake ulibadilika. Alichukua simu. "Nampigia Evelina, afisa ugani wa kata, ofisi yake ni hapo barabarani. Kimbia nyumbani. Mama yako asiondoke. Na mtoto asinywe ule uji."

Nilikimbia. Begi lilikuwa mlangoni. Msafiri alikuwa amekaa juu ya begi, na kikombe cha uji kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nilikinyakua. Msafiri alilia kama mtu aliyeibiwa shamba.

"Umechanganyikiwa?" mama aliuliza. "Nani amekutuma?"

"Mama Noeli."

Halikuwa jibu zuri. Mama alijifunga kanga kiunoni mara ya pili, na nilikuwa natafuta jibu jingine pikipiki iliposimama nje. Evelina alishuka, na Mama Noeli akatokea kwenye upenyo.

"Leo mmekuja wawili," mama alisema.

"Mama Munira, pole kwa bata," Evelina alisema. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Naomba unionyeshe karanga zako. Na unionyeshe unavyozibangua."

Mama alileta gunia na ndoo, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui kubangua karanga.

"Jioni nazimwagia maji," alieleza. "Nafunika kwa gunia. Asubuhi maganda yamelainika, vidole haviumi."

"Halafu?"

"Nabangua zote siku moja. Nazihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, panya wasiingie."

"Zikiwa bado na unyevu?"

Mama alifungua mfuniko wa ndoo.

Evelina alimwaga karanga za ndoo kwenye ungo. Nyingine zilikuwa zimesinyaa. Nyingine zilikuwa na unga wa kijani.

"Huu ni ukungu," alisema. "Karanga au mahindi yakilowa, ukungu huota. Ukungu fulani hutoa sumu. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Kwa macho siwezi kuapa kwamba imo. Nitapeleka sampuli maabara. Lakini bata ni wepesi sana kufa kwa sumukuvu, na bata wako wamesema mengi."

"Mimi nazikaanga," mama alisema. "Moto unaua kila kitu."

"Moto unaua ukungu. Sumu inabaki. Kuosha hakuitoi."

"Mbona sisi hatujafa?"

"Mtu akila nyingi anatapika, tumbo linavimba, macho yanakuwa ya njano. Anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kila siku, haoni kitu, lakini ini linaharibika. Mtoto hakui vizuri."

Kidogo kidogo kila siku. Nilijua mama alikuwa anafikiria supu ya tamthilia. Alimvuta Msafiri na kumtazama macho, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo sumu ipo," alisema taratibu. "Na aliyekuwa anamlisha mwanangu ni mimi."

Mama Noeli alimnyanyua Msafiri. "Twende kituo cha afya. Mama Munira, shika pochi yako. Maneno mengine tutasema njiani."

Walikwenda pamoja. Daktari alimpima Msafiri, akasema macho na tumbo ni sawa, arudishwe baada ya mwezi apimwe uzito. Baba alipopata habari alirudi nyumbani mbio, na kandambili yake ya waya ikakatika getini.

"Siku kumi unakula kwa watu," mama alimwambia. "Umeonja uchungu, ukajiokoa mwenyewe. Mwanao alikuwa anakula nini?"

"Nilidhani ni uchungu tu. Nilidhani naweka heshima."

"Karanga za mama zilifika zikiwa nzuri. Mimi ndiye niliyezimwagia maji. Ungesema, tungejua siku ya kwanza."

"Nimekosa, Mwajabu."

"Na mimi nilikuwa na begi mlangoni. Tumekosa wote."

Baada ya wiki mbili majibu ya maabara yalifika. Sumukuvu ilikuwa imezidi kiwango kinachoruhusiwa. Hatukuziuza karanga zile, wala hatukumpa mnyama. Baba alichimba shimo refu, tukazimwaga zote ndani. Mimi ndiye niliyefukia, kama adhabu ya unga.

Mwaka uliofuata bibi alikuja mwenyewe na gunia. Mama alitandika turubai uani, akazianika karanga na maganda yake mpaka ukizitikisa zinalia. Mama Noeli alianika zake ng'ambo ya ua, na kila asubuhi walitikisiana kuona za nani zinalia zaidi. Gunia liliwekwa juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta. Tulibangua zikiwa kavu, sote, vidole vikiuma, mbele ya tamthilia. Mke mwema alikuwa bado anakunywa supu.

"Huyu naye," mama alisema. "Kuanzia mwaka jana hajamuuliza mtu hata swali moja."

Baba alichukua karanga moja kwenye ungo, akatafuna. Akaacha kutafuna. Bibi alikuwa amekaa mkabala naye. Sote tuliacha kubangua.

Baba alimgeukia bibi.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi, ingawa alikuwa ameshamwamkia asubuhi. "Hii moja ni chungu."

Bibi alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Iteme hapa, mkwe wangu," alisema. "Tutafute na mwenzake."